Udi wa Msafiri

Harufu ya udi hunichefua hadi leo. Najua kwamba kwa mtu aliyezaliwa Kuze, Mombasa, kusema hivyo ni karibu na kukufuru, lakini pua yangu haina adabu. Kwetu udi haukuwa wa Idi na harusi tu, ulikuwa tangazo. Baba alikuwa karani wa kampuni ya malori kule Shimanzi, kazi yake kuandamana na mizigo hadi Kampala na Kigali, na kila alipokaribia kurudi alipiga simu kutoka Mariakani, lori likisubiri zamu yake kwenye mizani, kumwambia mama atengeneze nyumba. Mama alitia makaa kwenye chetezo, akauzungusha moshi chumba kwa chumba, akafukiza mpaka nguo za kabatini. Moshi ulitoka madirishani ukashuka kichochoroni, na majirani wakajua kwamba bwana mkubwa amekaribia. Mume wa jirani yetu, aliyelala kwake kila siku na kumbembeleza mtoto akilia, sikumbuki kama aliwahi kufukiziwa hata shuka.

Udi ule ulikuwa na kazi nyingine, nayo ni kufunika harufu ya mafuta. Baba akiwa safarini, mama alikuwa mpishi wa mahamri. Jioni alikanda unga kwa tui la nazi, hamira na iliki, akaufunika kwa leso kuukuu, na alfajiri karai lilikuwa motoni. Ndoo nzima ilikwenda kwenye mkahawa wa pembeni, na watoto wa mtaa walitumwa kwetu na mabakuli. Siku hizo mama aliimba. Alikaa kwenye mkeka miguu ameinyoosha, unga hadi kwenye viwiko, akibishana na wateja kwa sauti ambayo baba hakupata kuisikia. Alikuwa na sifa yake mwenyewe, watu walimjua kwa mkono wake. Lakini baba alikuwa ametamka, tangu walipooana, kwamba mke wake hatapikia watu. Alitamka, akapanda lori, akaamini kwamba neno lake limebaki nyumbani kama askari wa zamu. Kwa hiyo udi ulipofuka, karai liliingia mvunguni, na mtoto aliyekuja na bakuli alivuta harufu mlangoni, akageuka akaenda zake bila kubisha hodi.

Na huyo aliyefukiziwa alifika akafanya nini? Alikaa. Alitandikiwa, akamiminiwa maji ya kunawa, akatusimulia hoteli za Kampala na magodoro yake. Kila safari aliniuliza niko darasa la ngapi, na kila safari jibu langu lilimshangaza. Hakujua chumvi huwekwa wapi wala bomba lipi linavuja. Wanawake waliokuja kumwamkia mama walimwambia ana bahati, mumewe anahangaika nchi za watu kwa ajili yake. Mama aliitikia alhamdulillahi, huku mimi nikimtazama yule mgeni akichokoa meno, nikimdharau kwa moyo wangu wote mdogo.

Kisha msimu mmoja wa masika lori lilipita mizani mapema, na simu yake ilikuwa imezima. Alishuka kwenye tuk-tuk asubuhi, na kabla ya kuja nyumbani akaingia mkahawani kunywa chai. Akala mahamri kwa mbaazi, akaongeza, akawatangazia waliokuwapo kwamba tangu aoe hajapikiwa mahamri ya namna ile. Haya tuliyasikia baadaye, maana Kuze hakuna neno linalolala mkahawani. Wanaume wale, ambao wote walijua mahamri ni ya nani, waliinamia vikombe vyao. Katika mtaa mzima asiyejua alikuwa mmoja tu, mwenye nyumba.

Alitukuta mama anasugua karai. Akakunja pua. "Nyumba yanuka mafuta. Udi uko wapi?" Hakungoja jibu. Aliweka mezani furushi la gazeti lililoloa mafuta, akalifungua kwa madaha. "Onja haya, Mama Nuru, upate kujua mahamri yapikwavyo."

Mama alifuta mikono, akachukua moja, akalimega, akatafuna polepole. "Iliki imezidi kidogo," akasema. "Nlikuwa na haraka leo."

Baba alitazama karai, akatazama ndoo, akatazama furushi lake. Nilidhani atacheka, kwani mtu mwenye akili angecheka. Badala yake alisema, "Kuanzia leo, basi. Watu waseme nimeshindwa kulisha nyumba yangu?" Mama alisema haya, akalirudisha karai mvunguni. Nililia kwa hasira, na hakuna aliyenibembeleza.

Safari hiyo mizigo ilikwama bandarini, naye akakaa nasi muda mrefu kuliko kawaida. Mkahawani walikula mikate mikavu. Ndipo wanaume wa mtaa wakaanza kumsimamisha njiani, kwa heshima zote. "Subalkheri, Bwana Hamadi. Wa nyumbani hawajambo? Wasafiri lini, inshallah?" Asubuhi mmoja, adhuhuri mwingine, baada ya isha watatu kwa pamoja. Baba alirudi nyumbani kifua mbele. "Watu wa hapa wanipenda," akamwambia mama. "Kila mtu aniuliza safari yangu." Mama aliziba mdomo kwa pindo la leso akaingia jikoni. Hatimaye alipoondoka, unga ulikuwa umekandwa kabla lori lake halijavuka daraja la Makupa.

Leo msafiri ni mimi. Kazi hunipeleka Nairobi na Kisumu, na mume wangu hubaki Mji wa Kale na watoto. Wanawake wale wale waliompongeza mama humwonea mume wangu huruma, wakamletea wali kana kwamba amefiwa. Nikirudi hakuna anayenifukizia kitu. Nakuta samaki anakaangwa, moshi umejaa nyumba nzima, na mume wangu ananiambia bomba limeharibika tena na tayari amelitengeneza.

Baba naye amestaafu, na habari hiyo ilinitia hofu kuliko safari zake zote, kwa kuwa sasa angekaa nyumbani siku zote, na karai lingekaa mvunguni siku zote. Nilikwenda kulala kwao ili niwepo asubuhi ya kwanza. Alfajiri nilisikia mafuta yakichacharika. Baba alitoka chumbani akasimama mlangoni pa jiko. "Nyumba yanuka mafuta," akasema.

"Ndiyo," mama akasema, bila kugeuka. Alimaliza kuepua, akafunika ndoo kwa kitambaa safi, akamwekea miguuni. "Peleka mkahawani kabla hayajapoa."

Alikwenda. Na tangu siku hiyo huipeleka kila alfajiri, kanzu imepigwa pasi, akiwaamkia watu njia nzima kama mtu anayeelekea Kampala. Hakuna tena anayemuuliza atasafiri lini. Chetezo mama amekigawa.