Blanketi Nililotia Kwenye Gramafoni

Kuna aibu ambayo hata mke wangu nilimsimulia nusu tu. Leo nawamwagia yote, mnicheke mkitaka, maana kujicheka peke yangu nimeshachoka.

Miaka ile ya hamsini nilikuwa karani wa duka Kitale, na nilikuwa na gramafoni ya mdomo mpana (niliringa nayo sana, siwafichi). Mama Wekesa, mjane wa Kabuchai, alikuwa anaita watu kumkumbuka marehemu mumewe, akaniomba nije nimpigie sahani moja tu ya santuri, ile ambayo bendi ilirekodiwa ikipiga dansi ukumbini Kitale, yeye na mumewe wakiwa humo humo wanacheza. Picha ya mzee hakuwa nayo, na tangu amzike hakuwahi kuisikia tena sahani hiyo.

Akanikabidhi, nami nyumbani nikaijaribu kwanza. Ilikuwa mbaya, bana! Inakwaruza, watu wanakohoa, viti vinaburutwa, walevi wanapiga kelele juu ya gitaa. Nikaona huwezi kumpelekea mjane takataka kama hizo, basi nikatoa sindano ya chuma nikaweka mwiba (mkwaruzo ukapungua kweli), halafu nikakunja blanketi nikalisukuma kwenye mdomo wa gramafoni. Kelele zikaisha, lakini muziki nao ukawa kama mtu anayeimba ndani ya gunia. Hapo mwenye akili angetoa blanketi. Mimi nikamwendea binamu yangu Barasa, aliyeujua wimbo ule vizuri, na siku yenyewe nikamficha na gitaa lake nyuma ya nyumba ya Mama, chini ya dirisha, aisaidie sahani.

Watu wakasifu jinsi sauti ilivyo safi, nami nikavimba kichwa hadi nikasahau kuzungusha hendeli vizuri springi ijae. Katikati ya wimbo mashine ikaanza kuchoka, waimbaji wakakokota maneno wee, mwishowe wakanyamaza kabisa, na huko nje Barasa akaendelea kupiga gitaa kwa raha zake. Watu wakaangalia gramafoni, wakaangalia dirisha. Kaka yake Mama akatoka, akarudi amemshika Barasa mkono, na nyumba nzima ikaangua kicheko. Nilitamani sakafu inimeze.

Mama Wekesa peke yake hakucheka. Alikuwa ameinamia gramafoni, machozi yanamlenga.

"Kijana, toa hiyo blanketi," akasema. "Umefunika bwana yangu."

Sikumwelewa, lakini nikalitoa, nikazungusha hendeli, nikaanza sahani upya. Zikarudi zile takataka zangu zote, vikohozi na viti, na katikati ya gitaa mlevi mmoja akapaza sauti: "Nasimiyu! Si uinuke tucheze!"

"Ni yeye," akasema Mama, akiwa ameshika kifua. "Nasimiyu ndio mimi. Saa hii nyinyi wote mnaniita Mama Wekesa. Hiyo jina, ni yeye tu alikuwa ananiita."

Hakuna aliyecheka tena. Akaniomba nirudishe pale pale, nikarudisha, akaomba tena, nikazungusha hendeli mpaka mkono ukafa ganzi, na kila mara mzee alipoita yeye alikuwa anaitika polepole, "Nakuja."

Tangu siku hiyo sahani ya mtu siitengenezi kamwe kabla sijamuuliza mwenyewe anamsikiliza nani.