Kaseti ya Mama wa Mbugangari

Mwaka wa 1998, risasi zikiwa bado zinasikika milimani, karani wa maktaba yetu ya Gisenyi alirekodi masimulizi ya wenyeji. Kila aliyesimulia akimaliza, karani aliking'ata kile kipande cha plastiki ukingoni mwa kaseti, akakivunja, ili mtu asiweze kuifuta. Siku moja mama mmoja wa mtaa wa Mbugangari akamtaja aliyekuja kumchukua mumewe, asirudi tena: “Ni Sebahire, ule mwalimu wa Cyanzarwe.” Sote mle ndani tulijua: huyo ni baba yake karani. Kidole cha karani kilikuwa tayari juu ya kitufe cha kuzimia mashine. Ningekuwa mimi, ningezima.

“Rudilia jina, mama,” akasema, kwa sauti yake ileile ya chini. “Mashine isikie muzuri.”

Mama akarudilia. Karani akaitoa kaseti, akaipeleka mdomoni, akang'ata.