Kanku Asiyebonyeza "Limekufa"

Kindu na bahari, wapi na wapi! Ukitoka hapa kwenda kuona maji ya chumvi, ujipange vizuri. Lakini Kanku, mke wa Ngeleka wa reli, kila asubuhi anakaa mbele ya kompyuta katika chumba kimoja cha mtaa wa Mikelenge akitazama chini ya bahari. Msimcheke, njo kazi yake, ndiyo inayomlisha.

Kazi yenyewe ni hii. Mbali huko roboti inazamishwa majini, inaogelea polepole juu ya matumbawe ikipiga picha, na baada ya muda inarudishwa palepale kupiga tena. Ukiyaona matumbawe utadhani ni mawe, kumbe ni viumbe hai. Kanku na wenzake wanazungushia kila tumbawe mstari, kisha wanachagua: hai, limepauka, yaani limekuwa jeupe lakini bado lina uhai, au limekufa. Kwa picha hizo akili bandia ya roboti inafundishwa, mpaka iweze kutambua yenyewe bila kuuliza watu wa Kindu. Zamani Kanku alikuwa mpiga taipu katika ofisi ya reli, na vidole vyake bado vyepesi.

Kilichomshinda ni neno moja. "Limekufa" hakulibonyeza hata siku moja.

"Mama Kanku," Florentin, mkubwa wa chumba, alimwambia mbele ya wote, "hii imeota mwani, imevunjika, na wewe unaandika imepauka tu. Roboti itajifunza uongo! Wenye kazi wameturudishia picha zetu zote. Ukiendelea vile, nitakutoa."

"Nani aliiona inakufa?" Kanku akajibu.

Habari yake kila mtu chumbani aliijua. Mwaka wa 1999, vita vimepamba moto, treni zimesimama, Ngeleka alipakia chumvi na sabuni kwenye baiskeli, akavuka mto, akashika njia ya Punia. Mpaka leo hajarudi. Jirani yao Mulamba naye alipotea hivyohivyo, wakamlilia, wakakaa matanga yake, na siku moja huyo, anaingia uani mwake mzima, anakuta suruali zake wanazivaa wajomba! Tangu hapo Kanku akaapa: bila mwili, hakuna matanga.

Haya, yeye angengoja apendavyo. Lakini katika familia ya Ngeleka mke ndiye anayekaa chini kwanza, juu ya udongo. Asipokaa, matanga hayafunguki, na hata mama mzazi hana ruhusa ya kupiga kilio. Mama Léontine, mama mkwe wake, wanakaa nyumba moja. Amezeeka, macho hayaoni tena. Mara ngapi amemwomba: "Mutoto wangu, uniachilie nimulilie mutoto yangu mbele ya kufa." Na Kanku: "Atarudi, mama." Kichwa ngumu namna gani hiyo! Mimi ningekuwa jirani yake ningemgombeza, na majirani walimgombeza kweli.

Florentin hakumfukuza siku ile. Alimpa picha za mahali pamoja, za kila safari ya roboti, azipange toka mwanzo hadi mwisho. Kulikuwa na matumbawe mawili makubwa yamekaa pamoja. Katika picha za kwanza yote mawili yana rangi ya kahawia, kisha yakawa meupe kama unga wa muhogo. Katika safari iliyofuata, moja likaanza kurudisha rangi. Kanku akapiga makofi. "Munaona? Munaona sasa!"

Akafungua picha za lile la pili. Bado jeupe. Halafu mwani ukalishika pembeni, halafu ukalifunika lote. Samaki wadogo waliokuwa wanajificha ndani hawapo tena. Mwishowe likavunjika, vipande vikalala mchangani. Alirudi nyuma, akakuza kila picha, akitafuta rangi hata kidogo, hata doa tu. Hakuna. Mara hii alikuwa ameliona mwenyewe likifa, na hakuna mwingine wa kumuuliza. Roho ilimuuma sana, kwa tumbawe la bahari asiyoijua. Akabonyeza.

"Merci, mama," Florentin akasema. Kanku alichukua kikapu chake na kwenda nyumbani, jua bado kali.

Mama Léontine alikuwa uani akichambua sombe, majani ya muhogo, kwa kupapasa.

"Njo wewe, Kanku? Mbona mapema?"

"Njo mimi, mama."

"Uvute kiti basi."

Kanku hakuvuta kiti. Akavua viatu, akafungua kitambaa kichwani, akakaa. Mzee akanyoosha mkono kumtafuta pale usawa wa kiti, asimpate. Akaushusha, akaushusha tena, mpaka ukagusa nywele zake karibu na udongo. Sombe ikamwagika.

"Nilifikiri utanizika sijamulilia," akasema. Kisha akapiga kilio, na watu wa nyumba zote za reli wakakisikia.