Pikapu ya Marehemu Masanja

Kila nikisimulia jambo hili, hutokea mjuaji wa kuniuliza nilikuwa nimekunywa nini. Sinywi. Ilikuwa saa tisa alasiri, jua kali, na uani walikuwepo watu wazima wenye akili zao. Ukitaka kuamini, amini. Hutaki, acha, lakini usinicheke, maana hasira yangu haijaisha mpaka leo.

Mimi ni fundi magari hapa Bariadi. Mzaramo, nimeoa huku. Mzee Masanja alikuwa mteja wangu, mkulima wa pamba upande wa Shishiyu, mwenye pikapu kuukuu ya petroli. Pikapu hiyo ilikuwa na tabia moja: ukizima swichi na kuchomoa ufunguo, injini inaendelea. Inakohoa, inatikisika, inakohoa tena, ndipo inakata.

Hakuna uchawi hapo. Injini za zamani za kabureta ndivyo zilivyo zikichoka. Ndani ya silinda hujijenga kaboni, na kaboni ikipata moto sana hubaki nyekundu kama kaa la jikoni. Ukizima swichi umekata cheche ya plagi tu. Petroli bado inavutwa, inakutana na lile kaa, inawaka. Nilimweleza mzee, akasema tungoje kwanza avune pamba. Hakuivuna. Malaria ilimchukua.

Sasa sikia upumbavu wangu. Wasukuma na sisi Wazaramo ni watani, na mtani ana kazi yake msibani: kuwachekesha waliofiwa. Nikavaa kofia ya marehemu, nikaingia kwenye pikapu, nikaiwasha mpaka ikapata moto, nikazima. Ikakohoa kama kawaida yake. Nikatoa kichwa dirishani, nikaigiza sauti ya mzee: "Sishuki! Milembe hajaniruhusu kwenda!" Watu walicheka mpaka machozi. Milembe, mjane wake, naye alicheka. Nilirudi nyumbani nikijiona bingwa.

Hata mwezi haukuisha nikasikia Milembe amefukuzwa. Luhende, mdogo wa marehemu, aliitamani ile nyumba na shamba tangu kaka yake akiwa hai. Basi akawa anawaita watu, anawasha pikapu, anazima, inakohoa. "Mnasikia? Milembe kamfanya kaka msukule, hakufa, kamfungia humo." Na watu wale wale niliowachekesha wakaamini. Mama wa watu, macho mekundu kwa moshi wa kuni, akatolewa nje na vyungu vyake, akaenda kujisitiri kwa dada yake Mwamanyili. Unajua huku kwetu mama mzee akishaitwa mchawi hufuata nini? Panga.

Nilikwenda nimefura. Nikamweleza Luhende habari ya kaboni. Akanijibu bila haya: "Fundi, si marehemu alisema kwa kinywa chako? Sote tulisikia."

Nikafungua injini palepale uani. Nikakwangua kaboni yote, nikawaonyesha masizi kiganjani, nikafunga, nikatia petroli safi. Nikaiwasha mpaka ikapata moto, nikazima. Kimya. Luhende hata hakupepesa macho. "Basi kamhamishia kwenye mbuzi," akasema, na wapo waliotikisa vichwa kukubali. Wallahi nilitaka kumpiga spana.

Nikachomoa betri, maana ilikuwa yangu, nilikuja nayo ili jaribio lisikwame, nikaibeba niondoke. Betri ikiwa mikononi mwangu, pikapu ikawaka. Haya, mjuaji, niambie: cheche ilitoka wapi? Na kaa la moto lilitoka wapi, wakati silinda nimezikwangua kwa mikono yangu?

Nikasogea dirishani. Mzee Masanja alikuwa amekaa kwenye usukani, kavaa kofia yake, udongo mwekundu shingoni. Alinitazama vile mteja anavyomtazama fundi aliyemharibia gari.

"Wewe ndiye uliyenipandisha humu, mtani," akasema. "Mbele ya watu. Nishushe mbele ya watu."

Nikawageukia, nikapiga kelele mpaka koo likakauka. Nikasema sauti ile ilikuwa yangu, maneno yalikuwa yangu, Milembe hana kosa lolote. Injini ikakata. Kiti kikawa kitupu. Wengine hawakumwona mzee, lakini mngurumo waliusikia wote, na Luhende ndiye aliyetangulia kukimbia. Jioni ile ile wazee wa kijiji wakaamua Milembe arudishiwe nyumba yake.

Nilikwenda mwenyewe Mwamanyili kumchukua. "Mwadila, mayu," nikamwamkia kwa Kisukuma kama mama yangu, nikamweleza yote. Alikuwa akichambua maharage, hakuinua macho mpaka nilipomaliza.

"Kwa hiyo maiti amesema, mkamwamini," akasema. "Mimi mzima nililia mlangoni pangu, nikaapa kwa Mungu sijui kitu. Mimi hamkunisikia?"

Hakurudi, na hatarudi. Nyumba yake ipo, imefungwa, nyasi zimefika dirishani, na majirani wanapita mbali. Mimi siku hizi nikiitwa msibani nakaa kimya pembeni, wanaoniona nimekosa adabu ya utani na wanione hivyo.

Nawe unayenisoma, siku ukisikia mama mzee anaitwa mchawi, usinitafute mimi nije kufungua injini, wala usingoje maiti afufuke atoe ushahidi. Mwenyewe yupo pale mlangoni, analia, anakwambia hajui kitu. Msikilize huyo.