Fundi Restuta, apimaye bega kabla ya kugusa mbao

Saa mbili na robo asubuhi, Tottenham, kaskazini mwa London. Restuta Kokushubira anamwomba mteja wake afumbe macho na akae kama anavyokaa siku zote. Kisha anachukua utepe na kuanza kupima: shingo, bega, kiwiko, umbali kati ya jicho na shavu. Vipimo kumi na vinane, vyote anaviandika kwa penseli.

"Usijinyooshe kwa ajili yangu," anamwambia mteja huyo, mzee wa Kiingereza. "Nikikupima umejikaza, nitakuwa namtengenezea bunduki mtu mwingine."

Restuta, mwenye umri wa miaka 38, hutengeneza vitako vya bunduki za shabaha, yaani ile sehemu ya mbao inayokaa begani na kugusa shavu la mlengaji. Bunduki hizi haziendi vitani wala mawindoni. Ni za kutoboa karatasi kwenye viwanja vya klabu. Yeye pia humshauri mteja achague mtutu upi na kifyatulio kipi, "maana vyote vinatakiwa vipatane na mwili mmoja."

Hakuja Uingereza kwa kazi hii. Alisomea Moshi ufundi wa viungo bandia, na kwa miaka sita aliwatengenezea watu miguu. Mwaka 1999 alimfuata mumewe, Telesphor, aliyekuwa masomoni London. Vyeti vya Restuta havikutambuliwa huko. Akaanza kufanya usafi, kwa pauni tatu na peni sitini kwa saa, katika jengo lenye karakana ya Kailash Solanki, fundi bunduki mzaliwa wa Kisumu.

Asubuhi moja akiwa anapiga deki, alimsikia Kailash akilalamika kwenye simu. Mteja alikuwa amerudisha bunduki mara ya tatu, na picha ya mteja huyo akiwa analenga ilikuwa pale mezani.

"Nikamwambia, mzee, samahani, huyu bwana bega lake la kulia limeshuka. Bunduki haina kosa."

Kailash, ambaye bado anakizungumza Kiswahili cha utotoni mwake, anacheka akikumbuka. "Mimi nasema, huyu mama ya kufagia najua nini? Halafu napima. Kweli, bega iko chini! Miaka thelathini nafanya hii kazi, sikuona."

Polisi walipomaliza kuchunguza rekodi zake, kama sheria inavyotaka kwa anayeshika bunduki, Restuta akapewa benchi, patasi na tupa.

Lakini kazi inayotajwa zaidi na wanaomfahamu ni ile ya Julai mwaka jana, 2004.

Serah Nduku ni muuguzi kutoka Machakos, anayeishi Barking. Ajali ya gari ilimwacha kwenye kiti cha magurudumu, na mkono wake wa kushoto ukiwa hauna nguvu. Alijifunza kulenga shabaha katika klabu moja inayopokea walemavu, akaipenda. Aliagiza bunduki yake mwenyewe kwa ajili ya mashindano yake ya kwanza.

Restuta alimchagulia mtutu mfupi lakini mzito, unaotulia, kwa kuwa uzito ungebebwa na stendi ya springi badala ya mkono. Kifyatulio akakichagua chepesi. Kitako akakichonga kwa wiki tatu.

Jumanne kabla ya mashindano, walikwenda kuijaribu. Risasi zilitawanyika karatasi nzima.

"Serah alilia," anasema Restuta. "Akaniambia, ni mimi, dada, mkono umekwisha. Daktari alishaniambia utazidi kudhoofika. Wacha niachane na hii kitu."

Kailash aliikagua bunduki na kusema haina tatizo. Mteja mwenyewe alikuwa amejilaumu. Restuta angeweza kunyamaza.

Njiani kurudi nyumbani, kwenye treni, Restuta akakumbuka jambo. Siku aliyompima Serah, kiti chake kilikuwa kwa fundi. Alikuja na kiti cha kuazima, chenye mgongo uliolala nyuma zaidi. Vipimo vyote kumi na vinane vilikuwa vya mtu aliyekaa vingine.

Alimpigia simu jioni ileile. "Serah, kosa ni langu. Si mkono wako. Njoo kesho na kiti chako."

Kulikuwa na siku tatu, na hakukuwa na mbao kavu yenye ukubwa unaofaa, isipokuwa moja ya mti wa jozi. Kailash alikuwa ameitunza miaka kumi na mmoja ili ajitengenezee bunduki ya uzeeni. Restuta hakuthubutu kuiomba. Kailash ndiye aliyeishusha mwenyewe kutoka rafuni.

"Chukua," alisema. "Mimi iko na mabega yote mawili."

Kitako kilikwenda mashindanoni kikiwa mbao tupu, hakijapakwa hata tone la mafuta. Serah alimaliza wa nne kati ya washindani ishirini na wawili.

"Medali sikupata, na ni sawa," anasema Serah. "Watu wengi wamenipea pole tangu hiyo ajali. Huyu ndiye wa kwanza kuniambia, Serah, si wewe. Nilikuwa karibu kuacha, kusema ukweli."

Sasa wateja wenye ulemavu humjia Restuta kutoka miji ya mbali, na wengi hawamwulizi Kailash tena. Mzee huyo hakasiriki. Amekwisha kutangaza kwamba akistaafu, jina la mlangoni litabadilishwa.

Restuta ana jambo lingine analolisubiri kwanza. Katika miaka yake yote ya ufundi hajawahi kulenga shabaha hata mara moja. Mwezi huu amejiandikisha kama mwanachama wa majaribio katika klabu ya Serah, na Serah ndiye atakayemfundisha.

"Nimezoea kusikiliza mabega ya watu," anasema, akikung'uta vumbi la mbao kwenye aproni. "Nataka nisikie na langu. Na Serah ameshaniapia kwamba nikikosa, hataniambia pole. Ataniambia nikae vizuri."