Picha ya Thelathini na Tisa

Shemeji alirithi kamera ya marehemu kaka yake, ile nzito ya wapiga picha wa kazi, na ufundi akajirithisha mwenyewe. Wakwe wapya walipokuja kutembea, aliwapiga picha wamekaa, wamesimama, na wakijifanya hawamwoni.

“Thelathini na tisa!” alitangaza, akisoma namba juu ya kamera. “Na filamu ni ya picha thelathini na sita. Mashine za zamani hazina choyo!”

Mjane wa kaka yake alikitazama kirungu cha kurudishia filamu. Enzi za mumewe, kila filamu ilipovutwa, nacho kilizunguka. Leo kilikuwa kimetulia tuli. Filamu haikunasa, wakwe walikuwa wakiichekea kamera bure, na aibu ingekuwa ya ukoo mzima.

“Shemeji, fungua mgongo wake.”

“Mwanga uingie, picha ziungue? Shemeji, una wivu!”

Akaichukua, akaifungua mwenyewe. Filamu ilikuwa imetoa ulimi nje, haijasogea hata kidogo.

“Kuna nini?” mama mmoja wa upande wa wakwe akauliza.

“Hakuna neno, dada. Shemeji alikuwa anawazoesha kukaa,” mjane alisema, akiichomeka filamu mahali pake. “Sasa ndiyo tunapiga.”

“Ndiyo utaratibu wetu mafundi,” shemeji akadakia, akifuta jasho.