Ng'ombe Waliojaza Kompyuta

Kompyuta yangu ilinigomea asubuhi, mwalimu wa taaluma amesimama palepale kaunta na mitihani ya shule yake kwenye flash. Kila nikijaribu kuihifadhi, inaniletea maneno yaleyale: nafasi imejaa. Imejaa nini na wewe, nikaifokea, mimi mwenyewe nimejaa sijasema! Mwalimu akacheka kidogo, cheko la kuangalia saa. Nikamwomba aniachie flash, arudi mchana. Nilijua akirudi akakuta bado nahangaika, atavuka barabara aende kwa jirani yangu mwenye stationery mpya ya vioo, na shule ikishahama hairudi.

Duka langu liko Karatu, nyuma ya stendi. Natoa kopi, napiga picha za pasipoti, nachapa barua, naingiza nyimbo kwenye flash. Na kwa miaka mingi nimewahifadhia watu vitu vya simu zao. Mtu simu yake imejaa, au kioo kimepasuka, anakuja, nachomeka waya, navuta picha na video zake zote naziweka kwenye kompyuta kwa jina lake. "Nitazifuata, mama," anasema. Thubutu! Hafuati mtu. Ndiyo shehena niliyokuwa nimebeba: harusi za watu, vipaimara vya watu, mashamba ya maharage ya watu.

Nikaanza kufuta, na kumbe ni kazi tamu kwa mtu mdadisi kama mimi. Kila fundi aliyekuja kunipigia window mpya kwenye kompyuta alinakili kila kitu upya, eti kwa usalama. Kwa hiyo ndani ya folda iliyoandikwa "Backup mpya" nikakuta "Backup mpya kabisa", na ndani yake "Backup usifute". Harusi moja ya Rhotia nilikutana nayo kila nilipofungua, bibi harusi analia upya, mjomba anakosea kukata keki upya. Nilicheka peke yangu hadi mpita njia akachungulia. Zile nakala za nakala nikazifagia zote, nikajaribu mtihani wa mwalimu. Wapi! Bado imejaa.

Basi nikazipanga folda kwa ukubwa, nijue mwizi ni nani. Juu kabisa ikakaa folda ya mzee mmoja wa Kimaasai, mfugaji wa Kakesio, kule ndani ya Ngorongoro. Nilimkumbuka mara moja. Kila akija mnadani alipita kwangu na simu imejaa, anaegemeza fimbo mlangoni, ananiambia, "Weka ng'ombe zangu hapo, usichanganye na za watu." Nilikuwa sijawahi kuangalia kuna nini humo. Safari hii nikaangalia.

Ng'ombe. Ng'ombe tupu. Kila mmoja amepigwa video upande wa kushoto, halafu anazungukwa, anapigwa upande wa kulia, halafu anaachiwa aende zake. Hakuna mke, hakuna mtoto, hakuna sherehe. Na sisi Wairaqw tunafuga, lakini jamani, nani anapiga video ubavu wa ng'ombe mara mbili? Nikawaza labda alikuwa dalali, anawaonyesha wanunuzi. Lakini dalali anaonyesha madume manono, na huyu alikuwa na vikongwe, vilema, na mmoja asiye na pembe. Nikashindwa kuelewa, na mimi kitu nisichokielewa kinaniwasha.

Hata hivyo, nikiifuta folda ile peke yake, mitihani yote ingeingia na nafasi ingebaki. Nikaona nimuulize kwanza mwenyewe. Namba aliyoniachia ilikuwa ya binti yake. Binti akapokea, mtandao ukawa unakatakata.

"Nina video za ng'ombe za baba yako hapa dukani kwangu Karatu, nyuma ya stendi," nikasema, nikataja jina lake.

Nikadhani hajasikia. Nikalitaja tena kwa kupaza sauti, la kwanza mpaka la ukoo, kama karani wa mahakama. Simu ikakatwa. Nikapiga tena, ikakatwa tena. Weee! Nikachukia kwelikweli. Mtu namtunzia vitu vyake bure, halafu ananikatia? Haya, nafuta. Nikaweka kidole tayari, ila ule ubavu wa kulia ukawa bado unanisumbua. Nikafungua ng'ombe mwingine.

Sikuwa nimefika mbali nilipoona wanawake wawili mlangoni: msichana wa rika la mwanangu, na mama wa Kimaasai aliyejifunga shuka ya bluu, anatembea taratibu. Nikamwamkia kwa Kimaasai changu chote nilicho nacho.

"Takwenya, yeyo."

"Iko," akaitikia.

"Mama, ni wewe uliyepiga?" binti akaniuliza. "Tuko hapa Karatu, nimemleta kupimwa presha. Samahani kwa kukukatia. Simu yangu ina sauti kubwa, na mama alikuwa ameniegemea. Baba hayupo tena. Kwetu mtu akishaondoka, jina lake halitajwi. Na wewe umelitaja mpaka la ukoo."

Uso wote uliniwaka moto. Kwetu Rhotia marehemu asiposomwa jina kanisani siku ya kumwombea, ukoo mzima unanuna. Nilidhani kutaja ndiyo heshima. Kumbe ukivuka tu geti la Ngorongoro heshima inageuka, nami nimeishi jirani nao maisha yangu yote sijui. Nikamshika mama mikono. Pole, nikamwambia, pole sana, yeyo, mama yangu.

Mama akasema kitu kwa sauti ya chini. Binti akatafsiri: "Anauliza, ng'ombe bado wapo?"

"Wapo," nikajibu. "Wapo wote."

Mama akajiziba mdomo. Binti akanieleza kwamba waliisha kwenye ukame, mmoja mmoja, na baba akawafuata. Boma sasa lina mbuzi. Kitu mama alichokuwa akikitamani ni kuwaona ng'ombe wake tena, na mpaka nilipopiga simu hakuna aliyejua kwamba baba aliwaweka mahali. Nikakitazama kidole changu kilichotaka kuwafuta.

Nikamvutia kiti mbele ya kompyuta. Akawatambua wote: huyu ni mama wa yule, huyu alikuwa mkaidi, maziwa ya huyu ndiyo yaliyomlea huyu binti. Nikapata nafasi ya kuuliza la kwangu: kwa nini pande mbili?

"Huwezi kumjua ng'ombe kwa upande mmoja," binti akatafsiri. "Madoa ya kushoto siyo ya kulia. Utamfahamu nusu?"

Mara sauti ya mzee ikasikika nyuma ya picha, anamwita ng'ombe na kumpigia ulimi. Nikarukia kipaza sauti nikizime, nisije nikakosea mara ya pili. Mama akanikamata kiganja.

"Acha," binti akasema. "Sisi ndio hatumtaji. Yeye kuita ng'ombe wake, nani kamkataza?"

Nilifuta nyimbo. Bongo fleva, kwaya, singeli, zote ninazouza kwenye flash, biashara ya miaka, zikaenda. Nyimbo nitazipata tena. Mitihani ikaingia, ng'ombe wakabaki palepale walipowekwa. Iliumiza kidogo, sisemi uongo, lakini nilifuta.

Tatizo likawa simu ya binti. Nayo imejaa, na pa kuweka memori kadi palishakufa. Tukafuta tulichoweza, ikapatikana nafasi ya video moja fupi, na gari lao la kurudi lilikuwa linapakia. Mama achague mmoja wa kwenda naye nyumbani. Mimi moyoni nilishamchagulia yule mweupe mwenye pembe nzuri, anayesimama kama anajua anapigwa picha.

Mama akawapita wote. Akasimama kwenye video mbovu kuliko zote, ile ambayo ningeifuta ya kwanza. Mzee alikuwa amesahau kuizima simu: inaonyesha vumbi, kandambili za tairi, kwato moja inapita. Na sauti yake, anagombana na ndama, kisha anacheka mwenyewe.

"Mama," binti akasema, "hapo ng'ombe haonekani."

Mama akaonyesha kwa kidole: hiyohiyo.

Binti akageukia mlangoni, akajifuta macho na ncha ya kanga. Mimi nilikuwa nalia wazi, sikujificha. Nikaituma, nikambonyezea icheze, nikampa mama simu mkononi. Hakuitazama. Aliiweka sikioni, kama mtu aliyepigiwa, akainamisha kichwa akasikiliza mpaka mwisho.